Mvua za kwanza Kusini: kufuata vumbi na moshi kutoka Lindi hadi Newala na Masasi

Nimeandika haya nikiwa nimerudi nyumbani Lindi, kwa kutumia daftari langu na picha za simu. Safari ilikuwa ya mzunguko: Lindi, Mikindani, Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Ndanda, kisha Lindi tena kupitia Mnazi Mmoja. Niliipanga makusudi iangukie mwishoni mwa Novemba, kiangazi kikiwa ukingoni na mvua za kwanza zikianza kujitokeza. Huku kwetu hatuna vuli na masika kama Dar es Salaam. Tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kabla yake kuna miezi mirefu ya ukavu. Anayetaka kujua mvua inaifanyia nini hewa tunayovuta, huku Kusini ataona vizuri.

Kilichonisukuma ni mpwa wangu, ambaye ana pumu. Kiangazi kinamsumbua kila mwaka, na mvua zikianza utasikia nyumbani wanasema, "Sasa mtoto atapumua." Kweli anapata nafuu. Halafu ikifika Januari anabanwa tena, na mvua inanyesha vizuri tu. Nafundisha sayansi sekondari, na swali hilo lilinikaa kichwani muda mrefu: kama mvua inasafisha hewa, kwa nini mtoto abanwe katikati ya msimu wa mvua?

Nilibeba vitu viwili. Cha kwanza ni kipimo kidogo cha hewa nilichoazimwa na rafiki wa Dar, kinachotumia mwanga wa leza kuhesabu chembe. Cha pili ni kadi nyeupe za manila nilizozipaka mafuta ya mgando upande mmoja, nikazipanga kwenye kontena la chakula zisigusane. Ukiiweka kadi nje kwa muda, vumbi linanasa, na unaweza kuliangalia kwa lenzi.

Kwa asiyezoea mambo haya: chembe za hewani hupangwa kwa ukubwa. Zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 10 huitwa PM10, na zisizozidi 2.5 huitwa PM2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo hizo za PM2.5 huwezi kuziona moja moja kwa macho, na ndizo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikaza kamba: wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, badala ya 10 ya mwaka 2005, na wastani wa saa 24 usizidi 15.

Jumatatu: Lindi – Mikindani – Mtwara

Kosta ya saa moja asubuhi iliondoka saa mbili na nusu, baada ya kujaa. Nauli sh. 7,000. Hadi Mnazi Mmoja hakuna la kusimulia. Kuanzia hapo tukaungana na malori yanayotoka upande wa Masasi, mengine yakiwa na magunia ya korosho, mengine na makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopelekwa bandarini Mtwara. Yalikuwa yamefunikwa maturubai, lakini kila lori lilipotoka nje ya lami kutupisha, bega la barabara lilifumuka na vumbi jekundu likaingia madirishani. Konda akapiga kelele, "Fungeni vioo!" Tukafunga. Joto likawa la kutosha kuivisha mkate, na mama aliyekaa mbele yangu akamfunika mtoto uso kwa ncha ya kanga.

Niliwasha kipimo mle ndani. PM10 ilipanda ghafla kila tulipopishana na lori kisha ikashuka, lakini PM2.5 ilipanda polepole na haikutaka kushuka. Nikaandika hivyo daftarini bila kuelewa bado.

Mikindani nilishuka kula. Karibu na ufukwe kuna akina mama wanaouza chakula chini ya miti. Sahani ya wali wa nazi na pweza sh. 4,000, na ukifika baada ya saa nane pweza hukuti. Nilimwamkia mama mwenye jiko, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Akakiona kipimo, akauliza ni simu ya namna gani. Nilipomweleza akacheka, akasema, "Basi kilete hapa jikoni kwangu, tuone kama nipo hai." Nikakisogeza karibu na jiko la mkaa lililokuwa ndiyo linawashwa, na namba ikaruka juu kuliko yote niliyoyaona barabarani, malori yakiwemo. Mama hakushangaa. Alinionyesha macho yake mekundu, akasema ameanza kupika hapo akiwa msichana.

Nilimwomba nibandike kadi moja kwenye mti ulio mbali kidogo na moshi, niifuate kesho. Akamwita kijana wake ailinde kuku wasiichokore.

*Kwa mtakaopita:* ukitaka kutembea Mikindani, shuka asubuhi. Boma la Wajerumani na nyumba za mawe za zamani vipo jirani jirani, hakuna haja ya bodaboda. Kutoka hapo hadi Mtwara mjini daladala zipo mpaka jioni.

Jumanne: Mtwara mjini, bado kukavu

Nililala gesti ya sh. 25,000 maeneo ya Chikongola. Maji ya ndoo, feni nzima. Mwenyeji aliniruhusu kuweka kadi mbili juu ya ukuta wa uani. Mchana kutwa nikazunguka: sokoni, stendi, Ligula, Shangani, hadi upande wa kuelekea bandarini. Upepo wa bahari ulikuwa unavuma vizuri Shangani na kipimo kikatulia. Ukiingia ndani ya mitaa ya Magomeni na Majengo, barabara za udongo na pikipiki zinarudisha namba juu.

Kilichonisikitisha ni jioni. Kuanzia saa kumi na mbili kila mtaa una kijilima chake cha taka kinachofuka moshi: majani makavu, mifuko, maganda. Watu wanafagia vizuri kabisa, wanakusanya, kisha wanachoma. Mzee mmoja niliyemkuta anachoma nje ya geti lake alinijibu kwa upole, "Mjukuu wangu, gari la taka linapita lini mimi nijue?" Sikuwa na jibu. Lakini nilisimama pale na kipimo mkononi nikiwaza watoto wote wenye vifua kama cha mpwa wangu wanaolala nyuma ya madirisha ya mtaa ule.

Mchana nilirudi Mikindani kuchukua kadi, daladala sh. 1,000 kwenda, 1,000 kurudi. Kijana alikuwa ameizungushia miiba ili kuku wasifike. Chini ya lenzi ilikuwa imejaa punje za mchanga na udongo, na hapa na pale vipande vyeusi vya masizi.

Jumatano: mvua ya usiku

Ilianza kama saa nane usiku. Kwanza upepo, bati moja la jirani likapiga kelele, kisha mvua ikamwagika kwa nguvu kwa muda wa saa moja na zaidi. Niliamka nikatoa kadi mpya chini ya upenu, mahali ambapo hewa inafika lakini matone hayafiki, na nikaacha kipimo kikiwaka dirishani.

Asubuhi kadi ile ilikuwa karibu nyeupe, wakati kadi za jana yake, zilizokaa muda kama ule, zilikuwa zimebadilika rangi. Kipimo nacho kikaonyesha PM10 imeporomoka. Lakini PM2.5 ilishuka kwa kiasi kidogo, na saa kumi na mbili asubuhi, majiko yalipoanza kuwashwa, ikarudi karibu na pale ilipokuwa jana.

Nilikaa kwenye benchi la chai (chapati mbili na chai ya rangi, sh. 1,200) nikaanza kumweleza kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, na kwa kumweleza yeye ndipo mwenyewe nikapata mpangilio wa mambo.

Tone la mvua likianguka linasukuma hewa pembeni. Chembe kubwa, kama za vumbi la barabarani, ni nzito. Hewa ikikata kona zenyewe zinaenda moja kwa moja, zinagongwa na tone na kushuka nalo. Chembe ndogo mno, chini ya mikrometa 0.1, zinayumbishwa na molekuli za hewa huku na huku, na katika kuyumba huko nazo zinakutana na tone. Zinazopona ni za katikati, kati ya mikrometa 0.1 na 1 hivi. Zina wepesi wa kulikwepa tone pamoja na hewa, na si ndogo kiasi cha kuyumbishwa sana. Sasa, moshi wa kuni, wa mkaa, wa nyasi na wa dizeli, sehemu kubwa ya uzito wake imo humo katikati.

Kijana akaniuliza swali zuri: "Kwa hiyo mwalimu, mvua inaondoa vumbi, moshi inauacha?" Nikamwambia haiuachi kabisa. Huko juu mawinguni mvuke hugeuka maji juu ya chembe, moshi ukiwemo, na wingu likinyesha chembe hizo zinashuka ndani ya matone. Mvua ndefu ya saa nyingi nayo inapunguza zaidi kuliko ngurumo ya dakika kumi. Lakini kuna njia nyingine, na nadhani kwa mikoa yetu ndiyo yenye uzito: nyasi zikilowa hakuna anayechoma shamba, pori halishiki moto, taka haziwaki. Vumbi la mtaani mvua inalipiga chini, na moshi wa porini inaukomesha kwa kuzima moto wenyewe. Moto ambao mvua haiuzimi unaendelea kutoa moshi kama kawaida.

Hata kwingine ndivyo ilivyo. Delhi, India, hewa huwa afadhali wakati wa monsuni, Julai hadi Septemba. Mvua zikiondoka, Oktoba na Novemba, wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga, upepo unatulia, baridi inashuka, na mji ule unaingia katika kipindi kibaya kabisa. Ni mvua kuondoka na moto kuwaka, vyote kwa pamoja.

Kufikia saa nane mchana jua lilikuwa limekausha pembeni mwa barabara, na vumbi likaanza tena. Karibu na njia ya malori tope lilikuwa jeusi, likipitiwa na magurudumu, likikauka, likipanda hewani. Nilichokiona ndicho hiki: mvua moja inakupa hewa safi ya nusu siku, siku moja ukibahatika. Mpaka zinyeshe mfululizo ndipo ardhi inabaki na unyevu na vumbi linatulia kwa wiki nzima.

*Kwa mtakaopita:* bodaboda ndani ya mji ilikuwa sh. 1,000 hadi 2,000 nilipopita, ila mvua ikinyesha bei inapanda na hiyo ni haki yao. Beba koti la mvua lako. Kama unatoka Dar kipindi cha mvua, uliza hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama siku kadhaa.

Alhamisi: Mtwara – Tandahimba – Newala (hatukufika)

Nauli sh. 10,000, gari la saa tatu. Hadi Mnivata ni lami tupu. Baada ya hapo tukawa tunaingia na kutoka kwenye michepuko, kwa kuwa barabara ilikuwa inajengwa. Udongo wa uwanda wa Makonde ni mwekundu na laini. Ukiwa mkavu unapanda hewani kwa kugusa tu, ukilowa unateleza vibaya.

Tulipita Tandahimba saa saba. Mbele kidogo mvua ikatukuta, na kwenye kilima kimoja gari likaenda upande, gurudumu la nyuma likazama. Wanaume tukashuka kusukuma. Watu walitoka mashambani na majembe bila kuitwa, wakakata matawi, wakatandika chini ya matairi. Tulihangaika mpaka giza likaingia. Dereva akasema hakuna namna, tusubiri kesho.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ametuletea jembe akatuchukua watu watano kwenda kwake, mimi nikiwa mmoja. Hakutuuliza majina kwanza. Alituuliza kama tumekula. Nyumba ya udongo, bati jipya, na pembeni tanki la saruji la kukingia maji. Uwanda huu hauna maji ya karibu, kwa hiyo mvua ya bati ni mali. Nilimkuta mjukuu wake amegeuza mfereji wa bati umwage nje ya tanki. Nikauliza kwa nini wanamwaga maji. Bibi akanijibu, "Mvua ya kwanza haikingwi, mwanangu. Hiyo inaoga bati." Nikaweka beseni jeupe chini ya mfereji. Maji ya mwanzo yalishuka mekundu kabisa, na yalipotulia yakaacha tope jembamba chini na mabaki meusi yakielea juu. Miezi ya vumbi la barabara, majivu ya mashamba yaliyochomwa Septemba na Oktoba, na moshi wa jikoni, vyote vilikuwa mle ndani ya beseni. Baada ya kama robo saa maji yakawa meupe na mjukuu akarudisha mfereji tankini.

Kisha tukaingia jikoni, na hapo ndipo nilipopata jibu nililolifuata.

Kiangazi bibi anapika nje, chini ya mwembe. Mvua ikianza mafiga yanahamia ndani, chumba kidogo chenye mlango mmoja na tundu dogo karibu na paa. Kuni zilikuwa zimelowa. Kuni mbichi haziwaki vizuri: joto linaishia kukausha maji, moto unakuwa hafifu, na moshi unakuwa mwingi kuliko mwali. Bibi alikuwa ameinama anapuliza, mjukuu mdogo amelala mgongoni mwake ndani ya kanga. Kipimo kikapita kila namba ya safari nzima, hata ya jiko la Mikindani, ya malori na ya taka za Mtwara, na hakikushuka kwa saa nzima. Nje mvua ilikuwa inanyesha na hewa ilikuwa safi kama ambavyo haijawahi kuwa tangu Mei. Ndani mtoto alikuwa anakohoa.

Januari yetu ndiyo hiyo. Nyumbani Lindi dada yangu naye anahamishia jiko ndani mvua zikianza, na kuni zetu zinakaa nje.

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, chakula kitamu kuliko chochote nilicholipia njiani. Asubuhi bibi alikataa pesa. Tulimwachia sukari na sabuni tulizonunua duka la jirani, na mimi na kijana mwingine tukampasulia kuni na kuzipanga juu ya fito karibu na paa, ndani, zikauke.

Ijumaa: Newala

Gari lilinyanyuka saa mbili asubuhi baada ya trekta kulivuta. Tulichangishana sh. 2,000 kila mmoja. Newala tukafika saa nne na nusu, mji umefunikwa na ukungu.

Hapa niseme jambo kwa wenye vipimo vidogo kama changu. Ndani ya ukungu ule kipimo kilionyesha hewa chafu kupindukia, wakati kadi haikunasa kitu. Leza haijui kutofautisha tone la maji na chembe ya moshi, na chembe zenyewe zikiwa kwenye unyevu mwingi zinanyonya maji na kuvimba. Msimu wa mvua usiamini namba za alfajiri mpaka uwe umeangalia unyevu wa hewa.

Ukungu ulipoondoka nilipanda hadi Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Hewa ilikuwa imeoshwa. Niliona mto, mchanga wake, na ng'ambo Msumbiji hadi mbali sana. Mzee mwenye shamba la korosho aliyenisindikiza alisema kuanzia Agosti hadi Oktoba haoni hata mto. Kunakuwa na utando wa moshi pande zote mbili, kwa sababu moto wa ng'ambo nao haujui mpaka.

Huyo mzee alinifundisha kuhusu salfa. Mikorosho inashambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, na dawa inayotumika sana ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine, Juni hadi Agosti hivi. Unapulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Alisema mwaka ambao mvua isiyo ya wakati wake inapita katikati ya kupuliza, unga unaoshwa na kazi inaanza upya, na gharama pia. Nikamwuliza anajikinga vipi. Akatoa kitambaa mfukoni. "Hiki, mjomba. Lakini kifua changu cha Julai si hiki unachokisikia leo." Nimeona watoto wakitumwa kushika mkoba wa salfa nyuma ya mashine. Naomba wazazi waliache hilo. Barakoa nzuri ni bei ya soda chache, na mtoto hana kazi yoyote pale.

Jumamosi: Masasi, ambako mvua haikuwa imefika

Newala hadi Masasi ni kilomita 70 hivi, sh. 6,000 kwa gari dogo, tumebanana watu wanne kiti cha watatu. Ukishuka kutoka kwenye uwanda ni kama umebadilisha mwezi. Newala kulikuwa na tope, Masasi vumbi.

Nililala gesti chini ya majabali yaliyo kando ya mji (sh. 20,000, maji ya bomba yapo) ili niamke mapema. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilipanda mwamba mdogo nyuma ya nyumba. Moshi ulikuwa umelala juu ya mji, umenyooka kwa juu, haupandi. Usiku ardhi inapoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake, hewa baridi inabaki chini imefunikwa na ya joto, na chochote kinachowashwa kinabaki humo humo mpaka jua lipande. Kilikuwa ni moshi wa majiko, wa mashamba yanayosafishwa dakika za mwisho kabla ya kupanda, na wa tanuri za matofali. Mafundi matofali walikuwa wanakimbizana na msimu, maana tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Mmoja aliniambia msimu wa mvua wanafunga kazi na kwenda shamba, hivyo ndiyo tanuri yake ya mwisho. Saa tatu jua likavunja lile tabaka na moshi ukasambaa.

Huo ndio moshi ambao mvua itauondoa kweli, kwa kuwa utakosa moto.

Jumapili: Masasi – Ndanda – Mnazi Mmoja – Lindi

Sh. 9,000 hadi Lindi, tukasimama Ndanda kununua maji na ndizi. Nyangao na Mtama nilipita nimelala.

Mnazi Mmoja gari lilikaa zaidi ya saa moja likisubiri abiria, nami nikaenda kuwaona akina mama wanaobangua korosho nyuma ya maduka. Korosho ghafi zinamwagwa kwenye bati lililotobolewa juu ya moto. Ganda lina mafuta makali, yanashika moto yenyewe, na moshi wake ni mweusi, mzito, unachoma koo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na moshi ukawa unatambaa chini chini badala ya kupanda. Waliketi upande unakotoka upepo na wakahama kila upepo ulipogeuka. Mmoja wao alinisukumia kigoda nihame nao. Nilinunua robo kilo, nikawaonyesha namba za kipimo, wakanyamaza kidogo wakiangaliana. Wakaniuliza mashine za kubangulia kwa mvuke zinapatikana wapi kwa kikundi. Nimeahidi kuwaulizia, na nitafanya hivyo.

Nyumbani tumeshabadilisha mambo matatu. Kuni zote zimewekwa chini ya bati tangu sasa. Jiko la mvua halitakuwa chumbani tena. Tumesimamisha banda lenye paa na pande tatu wazi, fundi kachukua sh. 60,000 bila bati. Na mtungi mdogo wa gesi, ambao kuujaza kumenigharimu sh. 24,000, unatumika asubuhi na usiku, wakati mtoto yupo ndani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe kufikia mwisho wake. Kwa bibi yule wa Tandahimba mtungi bado ni ndoto, lakini kuni kavu na ukuta mmoja kubomolewa vinawezekana wiki hii.

*Kwa mwenye pumu anayepanga safari ya Kusini:* njoo Februari hadi Mei, mashamba yakiwa yamelowa. Epuka Agosti hadi Oktoba kwa upande wa Masasi, Nachingwea na Newala, na ukilazimika, toka nje baada ya saa tatu asubuhi. Kwenye basi kaa mbele, mbali na injini ya nyuma. Ukilala kwa ndugu msimu wa mvua, omba chumba kilicho mbali na jiko, na dawa yako ya kuvuta iwe mkononi, si kwenye begi la chini ya gari.